Gari Jipya la Jirani

Viko vita visivyomwaga damu, navyo hupiganwa kila mwaka huko Ulaya mara baridi inapokwisha. Ni vita vya wapenzi wa bustani za michezo. Bustani hizo ni viwanja vikubwa vyenye uzio. Mtu hulipa kiingilio mlangoni, kisha hupanda mashine za kila namna mpaka jioni. Na mashine inayopendwa kuliko zote, tena inayogombanisha watu kuliko zote, ni ile ambayo Wafaransa huiita milima ya Warusi. Sisi hapa tutaiita gari la milima.

Jina hilo lina asili yake. Katika karne ya 18 Warusi walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji wakati wa baridi kali, na barafu ilipoganda wakateleza juu yake kwa vigari visivyo na magurudumu. Mwaka 1817 watu wa Paris nao walipata vilima vyao, safari hii kwa magurudumu yanayoshika reli. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli yake katika pwani ya Coney Island, mjini New York, akatoza senti 5 kwa safari moja. Mwendo wake haukupita sana mwendo wa mtu anayekimbia polepole, lakini watu walijipanga mstari mrefu.

Pengine utauliza: gari hilo linakwendaje? Kwa kawaida halina injini ndani yake. Mnyororo hulivuta mpaka kileleni, kisha huliachilia, na uzito wake mwenyewe ndio unaolipeleka mpaka mwisho. Mwanafunzi anayejifunza fizikia aweza kulipima kwa kalamu: kitu kikishuka metri 50 bila kuzuiwa hufikia mwendo wa kilometri 113 hivi kwa saa. Halitoki katika reli, kwa sababu lina magurudumu ya aina tatu: mengine juu ya reli, mengine ubavuni, mengine chini yake. Tena njia imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina breki yake, ili gari la nyuma lisiingie kabla la mbele halijatoka. Utamu wenyewe uko juu ya vilima vidogo. Hapo gari linainama kabla mwili haujakubali kuinama. Mtu hunyanyuka kitini, chuma cha mapajani kikamzuia, na moyo wake ukadhani umebaki nyuma.

Basi, tuingie katika shauri lenyewe. Sisi tunaoandika haya ni jamaa wa Kongo tuliohamia Ubelgiji, na watoto wetu wamekulia karibu na Wavre, katika Brabant ya Wawaloni. Huko ndiko iliko Walibi, bustani iliyofunguliwa na Eddy Meeùs mwaka 1975. Jina lake limeunganishwa kutoka majina ya mahali patatu palipokuwa jirani: Wavre, Limal na Bierges. Hivyo sisi tu watu wa Walibi, kama vile mtu alivyo wa parokia yake bila kuichagua.

Bustani shindani iko upande wa pili wa nchi, De Panne, karibu na bahari na mpaka wa Ufaransa, kwa Waflama. Siku hizi inaitwa Plopsaland, lakini wazee wanaikumbuka kwa jina la Meli. Msomaji asidhani ni meli ya baharini, ijapokuwa bahari iko karibu: kwa Kiyunani neno hilo ni asali. Mfuga nyuki mmoja, Florizoone, aliifungua mwaka 1935 ili watu waone nyuki na kuonja asali. Kampuni ya Studio 100, inayotengeneza vipindi vya watoto, iliinunua mwaka 1999. Kwa miaka mingi sisi wa Walibi tuliiona kuwa bustani ya watoto wachanga, mahali pa vibwengo wenye kofia na nyuki Maya. Kwetu vijana, kwao watoto: amani ilikuwapo.

Mwaka 2021 amani hiyo ilivunjika. Mwezi wa Mei, bustani zilipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Covid, Walibi ilitoa gari lake jipya, Kondaa: metri 50 kwenda juu, kilometri 113 kwa saa. Hakuna lililoizidi wakati ule katika Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Goliath, la bustani ya Walibi ya Uholanzi, lililojengwa mwaka 2002, lilikuwa na metri 46 na kitu. Furaha yetu ilikuwa kubwa. Lakini mwaka huohuo jirani naye akatoa lake, na mara tukasikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema kwamba la jirani ndilo lililo bora.

Gari hilo linaitwa The Ride to Happiness, maana yake safari ya kuiendea furaha. (Jina kubwa mno, kwa maoni yetu, kwa chombo kinachorudi mahali kilipotoka.) Kimo chake ni metri 33 tu. Lakini sumaku za umeme hulisukuma mara mbili njiani, tena hupinduka kichwa chini mara tano, na kila kigari cha watu wanne huzunguka chenyewe juu ya mhimili wake kadiri uzito wa waliokaa ndani unavyokivuta. Kwa hiyo mtu hajui atashuka akitazama mbele, nyuma au kando. Wala safari ya pili haifanani na ya kwanza.

Wasomaji wa Lubumbashi watatuelewa upesi, wao wanaojua jinsi Mazembe na Lupopo wanavyoweza kugawa nyumba moja. Katika jamaa yetu maneno yalianza mezani siku ya Dominika. Kaka mkubwa, kijana wa miaka 23, alilikataa gari la De Panne kabla halijafunguliwa. Alisema metri 33 si kilima, ni ngazi ya kwenda kwaya. Alisema kuzungukazunguka ni dawa ya kutapisha, wala si mchezo. Mdogo wake, mwenye miaka 15, mtumikiaji wa Misa na mpole kwa kawaida, alijibu kwamba yeye angependa kulipanda. Kaka akamwita msaliti. Neno hilo lilisemwa kwa kucheka mara ya kwanza, mara ya pili bila kucheka. Mara ya tatu kijana alichukua sahani yake akaenda kula jikoni, na Dominika mbili zilizofuata hakuketi nasi. Kumbe jambo la mchezo lilikwisha kuwa jambo la ndugu wawili.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya mchezo na juu ya wivu, kwa maana Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika juu ya yote mawili. Juu ya mchezo anakumbusha habari ya zamani ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimlaumu walipomwona anacheza na wanafunzi wake. Yeye akamwuliza mmoja wao, mwenye upinde, kama angeweza kupiga mishale bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Hivyo roho ya mtu nayo huvunjika isipolegezwa. Na juu ya wivu anafundisha kwamba ni huzuni tunayoipata kwa ajili ya mema ya mwingine. Yafaa tulitazame vizuri neno hilo. Mtu anayelikuta gari la jirani ni baya, akasema ni baya, hana wivu, anasema kweli. Mwenye wivu ni yule anayeogopa lisije likawa jema. Mtu huyo hataki kulipanda, kwa sababu akilipanda atajua.

Shangazi yao hakusoma vitabu vya Mtakatifu Tomaso, lakini alifika hapohapo kwa njia fupi. Alimwuliza kaka mkubwa: „Wewe mwanangu, umelipanda?” „Bado, shangazi.” „Basi, unamhukumu mtu ambaye hajaitwa barazani.”

Safari ikapangwa kwa mwezi wa Agosti. Lakini kati yake likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Katikati ya Julai 2021 mvua kubwa ilinyesha Ubelgiji siku kadha, mito ikafurika, na karibu watu 40 wakafa katika nchi hiyo, wengi wao upande wa Liège. Huko Wavre mto Dyle ulitoka katika kingo zake, ukaingia mjini, ukaingia Walibi pia. Bustani ikafungwa. Tulizitazama picha za maji ya matope yaliyosimama chini ya magari tuliyoyapanda wiki chache kabla. Ni kweli, bustani ya michezo si kitu mbele ya nyumba ya mtu iliyochukuliwa na maji, na parokia yetu ilikuwa na kazi ya kukusanya mablanketi, si ya kulilia magari. Lakini watu hufanya kazi mle, wanafunzi hupata mle mshahara wao wa likizo. Tuliumia.

De Panne tulikwenda kwa treni. Kituo kiko karibu kabisa na mlango wa bustani. Kaka mkubwa alikuja amevaa fulana ya Walibi, makusudi. Tulisimama katika mstari muda mrefu, yeye kimya, mdogo wake hatua tatu mbele yake kama watu wasiojuana. Nyuma yetu walikuwako vijana wa Kiflama, mmoja wao akaiona ile fulana. Tulidhani sasa matusi yataanza. Yule kijana akauliza kwa Kifaransa cha kutafuta maneno: „Maji yalifika wapi? Kondaa imeharibika?” Kaka akamweleza aliyoyajua. Kijana akasema kwamba alikuwa amelipanda mwezi wa Juni, mara sita kwa siku moja, akatoka Brugge kwa ajili hiyo tu. Na kwamba walipoziona picha zile, yeye na wenzake hawakupenda kuongea. Tangu hapo mpaka kwenye viti walizungumza kama watu wa kijiji kimoja: juu ya breki, juu ya magurudumu, juu ya kilima kipi kinachonyanyua zaidi. Mdogo alisogea nyuma kidogo kidogo ili asikie.

Sasa tutoe hukumu yetu, kwa kuwa tumeyapanda yote mawili. Kwa vilima, Kondaa inashinda, wala shindano si la karibu: ule mteremko wa kwanza na vile vilima vinavyofuatana, kila kimoja kikimwinua mtu kitini, De Panne hawana kitu kama hicho. Gari la De Panne linashinda kwa jambo jingine. Likitoka kituoni linajiviringisha polepole mno, kichwa chini, kabla halijakimbia, na mtu ananing'inia akiitazama mbingu miguuni pake. Humo ndimo hofu yake yote. Kisha linazunguka kwa ulaini ambao hatukuutazamia. Hakuna aliyetapika. Lakini kwa mtu mwenye shingo mbovu au aliyeshiba chakula cha mchana, tunamshauri aangalie mifuko ya wenzake, kama shangazi alivyofanya. Na vilevile tunasema: siku mbili za namna hii kwa jamaa ya watu sita ni fedha nyingi. Asiyeweza asikope, walio wengi kati yetu huenda mara moja tu kwa mwaka, wakiwa na mikate yao mfukoni.

Kaka alilipanda mara nne. Mara ya kwanza alikaa na sisi; mara ya pili na yule kijana wa Brugge; mara ya tatu na ya nne alikaa na mdogo wake, na hatukusikia walichosemezana humo.

Jioni, ndani ya treni, shangazi alimtaka aseme sasa, kwa kuwa mshtakiwa ameitwa barazani. Akasema: „Kondaa ni la kwanza. Hili ni la pili.”

Mdogo wake akauliza: „Yaya, la pili katika mangapi?”

Kaka akaanza kuhesabu kwa vidole magari yote aliyoyapanda tangu utoto wake, ya Ubelgiji, ya Uholanzi na ya Ujerumani. Yakafika kumi na tisa. Kijana akafikiri kidogo, akasema ni haki, akamlalia begani mpaka Brussels.