Maji ya Karanga Huishia Pangani

Mtoto wa kaka yangu ni mgumu, kama wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanavyojiita. Kila msimu hupandisha mizigo ya wageni kwa njia ya Machame, na anajua kuliko mimi kwamba Kambi ya Karanga ndiyo mahali pa mwisho pa kuteka maji kabla ya Barafu. Maji ya usiku wa kwenda kileleni huyabeba yeye na wenzake kutoka korongo la mto Karanga. Juzi, tukiwa barazani hapa Shirimatunda, Moshi, nilimuuliza mto huohuo, unaoshuka hadi upande wetu huu wa mji, unaishia wapi. Akafikiri kidogo.

"Mashambani, shangazi."

Kwa maji mengi siku hizi, jibu lake ni la kweli. Lakini nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na jibu lile lilinikosesha usingizi. Karanga huungana na ndugu zake wa mlimani kuingia Kikuletwa. Kikuletwa huingia Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na hapo hukutana na Ruvu unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Kutoka bwawani mto unaitwa Pangani. Huipita milima ya Upare na Usambara kwa upande wa chini, hufika Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha huingia Bahari ya Hindi penye mji wenye jina lake. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake hapahapa Moshi, na vijana hupita mbele ya kibao chake bila kujiuliza Pangani imefuata nini Uchagani.

Nikamuuliza kama amewahi kuiona bahari. Hajawahi. Nikamuuliza amelala kwenye hema mara ngapi. Akacheka, akasema hawezi kuhesabu. Halafu akaongeza jambo lililonichoma: "Lakini tenti ya kwangu mwenyewe, kwa ajili yangu, sijawahi kufunga."

Mimi niliwahi.

Hema langu lilishonwa Moshi mjini, katika chumba kimoja karibu na Mbuyuni, na mzee aliyeshona maturubai ya malori. Wateja walimwita Fundi Turubai. Alikuwa mtu wa Pangani. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Hale, kisha akapanda treni kuja huku juu na hakurudi tena. Alivaa kofia yake ya viua siku zote, hata alipokuwa amejifunika gwanda kwa baridi ya Julai, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa huku tujisikie tunabwata.

Chumba kile kilikuwa na harufu ambayo sijaipata kwingine. Malori yale yalibeba kahawa kwenda kiwanda cha kukoboa, kwa hiyo kila turubai lililoletwa kutiwa kiraka lilikuja na vumbi la makapi ya kahawa kwenye mikunjo. Juu ya hilo kulikuwa na nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya taa, maana hiyo ndiyo iliyozuia mvua. Aliichemsha kwa uangalifu mkubwa, sufuria ndani ya sufuria yenye maji, mbali na mlango ili upepo usilete moto karibu. Kisha aliipaka kwa kitambaa, akilisugua turubai polepole kama mama anayempaka mtoto mafuta, na kulianika juani mpaka nta izame. Kulikuwa pia na harufu ya kamba za katani, ambazo alizisokota mwenyewe kwa kuviringisha pajani. Nikitoka pale, wanafunzi wangu walijua nilikokuwa kabla sijafungua mdomo.

Alipouliza hema la nini, nikamwambia nataka kwenda kuona maji ya Karanga yanavyoingia baharini, na nataka kutembea pwani kutoka Tanga mpaka huko. Alisimamisha cherehani. Hakuniuliza mume yuko wapi wala naenda na nani, maswali ambayo nilikuwa nimekwisha kuyajibu kwa watu wengine wengi. Alichukua chaki, akalitandaza turubai sakafuni, akachora pwani yote kwa upande wa ndani: vijito, mikoko, majabali, visima vyenye maji baridi, vijiji vya watu aliowafahamu baba zao. Utotoni alikuwa akiipita njia ile na baba yake, wakiuza samaki wakavu.

"Mwalimu, wewe wajua mwezi kwa kitabu," aliniambia. "Sasa ujue kwa miguu." Akanifundisha kuwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana, katikati yake ni maji mafu. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Chini ya jabali usipite ila maji yanapopwa, na yakianza kugeuka, usijiambie kwamba utawahi. Nilikuwa nimechora mchoro wa bamvua ubaoni miaka mingi kwa watoto ambao hawajaona bahari, nikifundishwa na vitabu. Kwake nilifahamu kwa mara ya kwanza kuwa mchoro ule unaweza kumzamisha mtu. Nilimwomba asiifute chaki. Akaipaka nta juu yake, ramani ikabaki ndani ya hema.

Nimeiangalia shajara yangu ili niwe na hakika: Julai 1988, likizo. Tarehe zenyewe ninazo na naziacha, maana hazina harufu.

Kulala kwenye hema hakukuwa jambo la ajabu kwa rika langu. Waliomaliza kidato cha sita walipita JKT, wasichana na wavulana. Tulifundishwa kusimika hema gizani na kutembea mpaka unyayo ukawa mgumu. Skauti walikuwa na hema, wapima ardhi walikuwa nayo, na mabwana misitu pia. Hapakuwa na mtu aliyeliona hema kuwa kitu cha mzungu. Watu walichoshangaa kwangu ni kuwa peke yangu.

Basi lilitupitisha Himo, Mwanga, Same, kwenye joto lile la chini ya Upare, upande wa kulia mkonge na upande wa kushoto milima. Korogwe niliuona mto wangu. Ulikuwa mpana, wa rangi ya udongo, na nilisimama kuutazama kwa muda mrefu mpaka mwanamke aliyeuza machungwa akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kutoka Tanga nilienda kusini kwa miguu, nimevaa katambuga, maana viatu vya kawaida havistahimili mawe yale. Wageni wengi huidhani pwani yetu ni mchanga mtupu na minazi. Sehemu kubwa ni jabali la matumbawe, miamba iliyojengwa baharini zama ambazo maji yalikuwa juu kuliko sasa, kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Bahari ilipopungua iliyaacha nje, na tangu hapo mawimbi yanayala kwa chini mpaka ukingo unaning'inia. Juu yake kuna meno makali na vichaka vya miiba. Chini kuna mapango yanayonguruma kusi linapovuma. Unatembea nusu siku kusonga mbele kidogo tu. Unafika kwenye kijito, mikoko imefunga njia, unakaa na kungoja maji yapwe. Sijawahi kufundishwa subira na kitu chochote kama vijito vile.

Tongoni nilipumzika kwenye makaburi ya nguzo. Ni zaidi ya 20, ya karne nyingi, nguzo nyingine zimesimama na nyingine zimelala kwenye majani, na kwenye baadhi bado kuna matundu ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Mbele ya pwani ile, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma mojawapo ya meli zake, São Rafael, kwa kuwa mabaharia aliobakiwa nao hawakutosha kuiendesha. Nilikuwa nimesomesha habari za Vasco da Gama bila kujua kwamba kisa hicho kilitokea mahali ambapo mtu wa Moshi anafika kwa basi na miguu.

Kigombe nilifuata maagizo ya Fundi: nikaanza kwa balozi wa nyumba kumi. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama hema, akasema, "Mwanangu, hulali ufukweni na wenyeji tupo." Nikafunga hema uani kwake, katikati ya nyavu, na watoto wa kijiji wote wakaingia ndani kuangalia ramani. Mkewe alipika bada na mchuzi wa samaki wa nazi. Mzee mmoja aliletwa kutazama chaki, akakitambua kisima kimoja, akasema kimefukiwa, na papo hapo akamtaja baba yake Fundi kwa jina. Nilibeba salamu zake mpaka Moshi.

Alfajiri nilisikia mlio mzito kutoka baharini, kisha mwingine. Baruti. Balozi aliinamisha kichwa kama mtu aliyetajiwa aibu ya nyumbani. Matumbawe yaliyo hai yalikuwa yakivunjwa kwa ajili ya samaki wa siku moja, na kila mtu pale alijua, na wavuvi wa madema walikuwa wakirudi mikono mitupu.

Kipande cha kutoka Kigombe kwenda Pangani ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Njia ya miguu ilipita juu ya majabali, imekanyagwa na watu kwa vizazi, na haikuwa na mwenyewe. Ungekutana na mwanamke na kapu la pweza, mtoto na mbuzi wawili, mgema na kibuyu. Wote wangekusalimu na kukuuliza utokako, na nikisema Moshi, wangerudia, "Moshi!" kwa namna ya mtu anayepokea mgeni wa heshima. Nilifunga hema juu ya jabali kwenye shamba la minazi, kwa ruhusa ya mlinzi, na usiku upepo ulilivuta turubai mpaka kamba za katani zikaimba.

Pangani mto hukata mji na kijiji cha Bweni, na maji yake ya kahawia huingia mbali ndani ya bahari kabla ya kukubali kuchanganyika. Mwenye dau aliyenivusha alisema, "Maji haya yatoka kwenu. Mwaka ambao hamna mvua huko, sisi chumvi yatupandia mtoni." Mwanafunzi wangu yeyote angekuwa pale angeelewa somo zima la bonde la mto kwa sentensi hiyo. Upande wa Bweni, huko Kikogwe, ndiko ulikopandwa mkonge wa kwanza wa nchi hii, mwaka 1893, mkonge uleule uliomchukua Fundi ujana wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Treni ya abiria ilikoma miaka ya 1990 na hatukuiona tena Moshi mpaka Desemba 2019. Wavuvi wa Kigombe walianza kuvua silikanti kwa jarife miaka ya 2000, samaki ambaye wataalamu duniani waliwahi kumhesabu kuwa ametoweka, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari. Baruti zilipungua baada ya vita virefu. Fundi Turubai alifariki. Chumba chake kikawa duka la nguo, kisha duka la kukodisha vifaa vya mlima: majaketi, mifuko ya kulalia, mahema ya nailoni yasiyo na harufu yoyote.

Mara ya mwisho nilipokwenda Pangani, njia ya juu ya jabali ilikuwa imekatwa na uzio. Nikazunguka barabarani, nikarudi pwani, nikakuta uzio mwingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na mita hizohizo 60 kutoka ukingo wa mto. Nimeisoma. Nimeona pwani seng'enge zimefika kwenye mawimbi, na nimeona huku kwetu nyumba zimeshuka mpaka kwenye kingo za Karanga, takataka za plastiki zikisubiri mvua ya masika izipeleke safari niliyoifanya mimi. Mwenye kapu la pweza atapita wapi? Sasa barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani kwenda Bagamoyo inajengwa, na daraja la mita 525 la kuvukia mto. Nalifurahia, wagonjwa wa Bweni wamengoja kivuko vya kutosha. Ila barabara huleta viwanja, na njia ya miguu haina hati.

Hayo yote nilimweleza mtoto wa kaka yangu. Sikutaka ahurumie zamani zangu. Nilitaka ajue kwamba mtu mwenye miguu kama yake, anayepanda na kilo 20 za mwingine mpaka kwenye theluji, ana haki ya kubeba mzigo wake mwenyewe kwenda anakotaka, na kwamba hema si sare ya kazi.

Siku ya pili alirudi na simu yake, ameupata mto wote kwenye ramani. Hataki kuanzia Tanga. Anataka kuanzia Kambi ya Karanga yenyewe na kufuata maji mpaka chumvini, yeye na mwenzake mmoja, mlima ukipoa mwezi wa Novemba. Nimemwambia chini ya Nyumba ya Mungu kuna kinamasi cha Kirua, kuna mamba, hakuna njia, na Novemba mvua za vuli zinaweza kumkuta bondeni. Aanzie Korogwe. Yeye anasema Korogwe ni katikati, na kwamba wavuvi wa bwawani watawavusha. Nimemwambia mvuvi wa bwawani hujui kama atakubali mpaka umpigie hodi. Amesema atatangulia kwenda kuwauliza. Bado tunabishana.