Hicho Ghali, Bi Mkubwa



Leo hatuna mapishi wala mitindo ya piko. Leo tuna donge, na tumekaa nalo wiki mbili tukijiuliza kama tuliseme au tulimeze. Tumeona tuliseme, maana Ramadhani haiko mbali, kila mtu anakimbizana na harusi kabla ya mfungo, na maduka ya mjini yamejaa mama na binti zao. Huenda na wewe ni mmoja wao.

Khaloo yetu anakaa Jambiani. Ni mama wa mwani. Anayeijua kazi hiyo hahitaji kuelezwa: bamvua likifika na maji yakitoka, unaingia baharini na kamba zako, unainama saa nzima na masaa, jua la utosi, chumvi inakula vidole. Kisha uvune, ubebe, uanike, ndipo upimiwe kwa kilo, na hiyo bei ya kilo hata kuitaja tunaona haya. Kwa pesa hiyo Khaloo amesomesha watoto watatu tangu alipofiwa na mume. Na kwa pesa hiyo hiyo amekuwa akiweka kidogo kidogo, mwaka na nusu, ili binti yake avae gauni la lesi siku yake, lisiwe la kukodi.

"Mahari ni yake mwenyewe, na sanduku litaletwa na mume," alituambia. "Lakini gauni nataka nilinunue mie mama yake."

Basi wakaja mjini kwa daladala, Khaloo, bi harusi na shangazi yake. Tukakutana Darajani, wakasali adhuhuri, kisha tukaingia nao Mchangani, kwenye duka moja la vitambaa ambalo sisi wawili tumeshanunua mara nyingi. Jina tunaliacha. Hatuandiki ili tuvunje riziki ya mtu.

Mlangoni sisi tulichelewa kidogo, mmoja wetu alikuwa anazungumza na simu. Wao wakatangulia. Yaliyotokea, mengine tuliyaona kwa macho yetu, mengine alituhadithia bi harusi.

Khaloo alitoa salamu. Haikuitikiwa. Binti wa dukani alikuwa na simu yake. Khaloo akairudia salamu. Binti akainua macho, akamtazama kuanzia kanga ya kichwani mpaka ndara za miguuni, kisha macho yakarudi kwenye simu. Khaloo akauliza lesi ile nyeupe iliyotundikwa juu ni kiasi gani kwa yadi.

"Hicho ghali, bi mkubwa. Vya bei nafuu viko nje pale, kwenye meza."

Bei hakuitaja. Na Khaloo hakuwa ameuliza cha bei nafuu, aliuliza bei. Akanyoosha mkono ashike pindo la lesi, aone uzito wake, kama kila mwanamke anavyofanya dukani. Akaambiwa: "Usishike! Kitachafuka."

Jamani. Mkono ule ulikuwa umetoka kutawadha muda si mrefu.

Wakati huo huo wakaingia watalii wawili, mke na mume. Wao hawana kosa lolote, waliingia tu kutazama. Lakini binti yule alisimama kama kaitwa. Tabasamu likatoka, kiti kikatoka, na maji baridi yakatoka. Lesi ikateremshwa kwenye ndoana na kutandazwa mezani, wakaishika watakavyo. Wakapiga picha, wakashukuru, wakatoka bila kununua hata kitambaa cha mkono.

Hapo ndipo binti alipotuona sisi. "Ah! Kumbe mko pamoja? Mbona hamkusema?" Bei ikapatikana ghafla: 45,000 kwa yadi, na kwa sababu ni sisi, itakuwa 40,000.

Sasa tuseme kweli, na hapa ndipo panapotuuma zaidi. Sisi tulikuwa tayari kuinunua. Lesi ilikuwa nzuri, siku zimebaki chache, fundi anasubiri. Mmoja wetu alishaanza kuuliza zinatosha yadi ngapi. Ni Khaloo aliyesema pole pole, bila ya hasira: "Wanangu, nimeshasikia bei. Twendeni."

Nje hakusema neno mpaka tulipofika kwenye kivuli. Kisha akamgeukia binti yake. "Kwani mie nimevaa vibaya?"

Bi harusi alilia pale pale njiani, watu wanapita. "Mama, gauni silitaki tena." Na Khaloo, aliyehesabu mabamvua mwaka na nusu kwa ajili ya siku hiyo, akasema basi, tutakodi. Furaha yote ya mama ilikuwa imekwisha kwa maneno ya nusu dakika.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiisoma Surat Abasa kwa jicho jingine. Mnaijua sababu ya kushuka kwake: Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikuwa na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wataisikia dini, akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, kutaka kufundishwa. Mtume akakunja uso akageuka, na Mwenyezi Mungu akamkumbusha. Angalieni, wapenzi. Yule hakuweza hata kuuona uso uliokunjwa, na bado aya zikashuka kwa ajili yake. Baadaye alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume. Itakuwaje basi kwa Khaloo, ambaye aliuona uso ule vizuri kabisa?

Na hebu tuulizane, nani katika kisiwa hiki hana bibi wa shamba? Samaki tunaokula, muhogo, embe, vinatoka kwa nani? Lakini mtu akishuka daladala na kanga mbili, tayari ni "mshamba," na pesa yake tunaidhania haipo kabla hajafungua pindo.

Sisi wenyewe tumejifunza jambo chungu. Miaka yote tulipokuwa tukipewa kiti na maji kwenye duka lile, tulidhani ndiyo tabia ya duka. Kumbe zilikuwa heshima za mabaibui yetu. Na hatukuwahi kujiuliza waliosimama pembeni ni akina nani.

Siku ya pili tulirudi, tukamwomba mwenye duka dakika tano faraghani, kwani nasaha hazitolewi mbele za watu. Alisikiliza. Akasema yule binti bado mgeni wa kazi, atamsemesha. Akataka kutupa punguzo. Tukamwambia punguzo si letu, na pole aipeleke Jambiani. Mpaka tunaandika haya, haijafika.

Mabibi harusi, tuna machache ya kuwaambia. Mkienda dukani na wazee wenu, waacheni wao wawe mbele na nyinyi muwe karibu yao, msiwe na simu mlangoni kama sisi. Mzee akidharauliwa, semeni pale pale kwa adabu: "Mama ameuliza bei, tafadhali mjibu." Neno hilo moja lingetosha siku ile, na hatukulisema. Na mkiona pametia doa, tokeni. Hakuna lesi ya kuvaliwa juu ya machozi ya mama.

Na nyinyi ndugu zetu wenye maduka, wahenga walisema biashara haigombi. Kuitikia salamu ni wajibu, na tabasamu ni sadaka. Wafundisheni mliowaajiri kutaja bei kwa kila anayeuliza. Uwezo wake anaujua yeye na Mola wake.

Gauni lilipatikana, alhamdulillah. Shangazi ndiye aliyekataa turudi mikono mitupu. Katika kichochoro cha nyuma tulimkuta mzee mmoja na duka lake dogo, kaning'iniza vitambaa mpaka juu. Aliitikia salamu yote kamili, akamtolea Khaloo kigoda, akauliza harusi ya nani na lini. Akamwekea lesi mapajani. "Shika mwanangu, kitambaa hujulikana kwa mkono." Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, tusidanganyane. Ilikuwa ya 28,000 kwa yadi. Khaloo akafungua pindo la kanga yake, akahesabu noti moja moja, akatoa yadi sita bila ya mtu kumsaidia.

Mzee akamwombea bi harusi dua kabla hajafunga kifurushi. Sote tukaitikia amin.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tusiwe wa kukunja nyuso mbele ya waja wake. Muombeeni bi harusi wetu.

Wassalaam.