Pingu katika Picha: Uhalisia na Jicho la Mpigapicha

Katika nyumba moja ya kupangisha huko Kinoo, kando ya barabara ya Waiyaki, mchoraji atumiaye kompyuta na kalamu ya kielektroniki ameletewa picha inayofahamika na Wakenya wengi. Ni ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956: amelala, nywele zimesokotana, mikono imetiwa pingu. Mwagizaji ametoa masharti mawili: sura ifanane kabisa na picha, na pingu ziondolewe. Katika Kiambu, ambako watu walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya Hali ya Hatari kuanzia 1954, sharti la pili haliwezi kuitwa upuuzi.

Kiufundi, kuziondoa ni kazi ndogo. Kugumu ni kufanana. Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo kile kifaa cha kuchota rangi, ambacho wachoraji wa kompyuta hukitegemea (pengine kupita kiasi), hakichoti kitu ila kijivu. Mchoraji hutandaza kwanza tabaka la mwanga na kivuli, kisha juu yake tabaka la rangi, na kila wekundu au weusi anaoutia shavuni ni uamuzi wake. Hata anayenakili nukta kwa nukta anabuni.

Suala zito zaidi ni la mtazamo. Picha hii ilipigwa mateka akiwa mikononi mwa waliomkamata. Kamera imesimama, yeye amelala. Mhakiki wa fasihi angeuliza mara moja: ni nani anayesimulia? Kufuta pingu na kuiacha pembe ileile ya kamera ni kumficha msimulizi, si kumbadilisha. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, katika tamthilia yao ya 1976 kuhusu kesi ya Kimathi, hawakumwondolea minyororo, walimpa usemi. Sanamu iliyozinduliwa jijini Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe, imemsimamisha na bunduki mkononi. Yaelekea sanamu hiyo ilichagua njia nyepesi, kwani imemrukisha mtazamaji siku ile ya mateka kana kwamba haikuwapo.

Mchoraji wa Kinoo ameziacha pingu. Alichobadilisha ni kimo cha jicho: amekiinua kichwa hadi macho ya Kimathi yakalingana na ya mtazamaji. Badiliko hilo limemtoa nje ya picha, kwa sababu taya na shingo vilivyofunikwa na kivuli ilimlazimu kuvijenga kutokana na ujuzi wake wa mifupa ya uso. Kwa kipimo cha mwagizaji, sehemu hizo hazifanani na chochote. Kwa kipimo cha uhalisia, ndizo zilizomgharimu zaidi, na ndizo atakazotakiwa kuzitetea siku mwagizaji atakapokuja kuichukua kazi yake na kuzikuta pingu mahali pake.