Salamu ya Bibi Huko Izimbya

Msafiri aendaye Izimbya, wilayani Bukoba, huliacha nyuma Ziwa Viktoria akaingia katika nchi ya migomba. Kila nyumba imezungukwa na kibanja chake, migomba na mibuni pamoja, hata jua la adhuhuri hupenya kwa shida. Mgeni hupewa kahawa, si ya kunywa bali ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa.

Huko nilifuatana na mdogo wangu, akaaye Uhispania na mkewe, mwenyeji wa Tanga, pamoja na mtoto wao wa miaka minane. Tulifika alasiri. Mama yetu akatoka, akamshika mjukuu mkono, akamwambia, "Wasibota, waitu." Mtoto akamtazama babaye, kisha akajibu kwa Kihispania, lugha iliyo karibu zaidi na ulimi wake. Bibi hakusema neno. Alirudi ndani kuleta kahawa. Usiku mdogo wangu aliniambia, "Kaka, mwanangu nimempa lugha ya shule na ya soko, nimemnyima lugha ya mama yangu."

Wazazi wengi walio ugenini huogopa kwamba lugha nyingi zitamvuruga mtoto akili. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto aweza kuchanganya maneno kwa muda, lakini huzitenga lugha kadiri anavyozisikia na kuzitumia. Hapo hapo Izimbya watoto husema Kihaya nyumbani na Kiswahili shuleni, husoma Kurani kwa Kiarabu chuoni, na wafikapo sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Wala hakuna astaajabuye. Nasi Waislamu tumekumbushwa katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, kuwa tofauti za lugha zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Mtume s.a.w. mwenyewe alimwamuru Zaid bin Thabit kujifunza maandishi ya Mayahudi.

Uhispania nayo ina funzo. Waislamu walitawala huko tangu mwaka 711 hata Granada iliposalimu amri mwaka 1492. Mwaka 1567 ilitangazwa amri ya Mfalme Felipe II ya kukataza Kiarabu katika Granada. Yamebaki maneno tu vinywani mwa Wahispania: azúcar ni sukari, hasta ni hata, fulano ni fulani. Wale walinyang'anywa lugha yao kwa nguvu. Sisi twaiacha yetu wenyewe, kwa uvivu, wala hapana atukatazaye.

Kesho yake mtoto alifuatana na bibi kibanjani. Kiswahili alichofunzwa na mamaye kikawa daraja: omuti akautambua kuwa ni mti, omuntu ni mtu, omwana ni mwana. Siku ya kuondoka alitangulia kumwamkia bibi kwa Kihaya, na bibi akamkumbatia muda mrefu.

Tangu hapo wazazi wale wamegawana kazi. Baba husema na mwanawe Kihaya tu, mama Kiswahili. Kihispania chatoka shuleni na barabarani, na baada ya Magharibi husomwa Kurani. Kila Ijumaa mtoto huzungumza na bibi kwa simu, bila mkalimani.

Ndugu msomaji, mwanao akiitwa leo na bibi yake, je, ataweza kumwitikia?