Kadi za Posta Kutoka Hemani

Bibi mmoja wa jimbo la Massachusetts, huko Marekani, alihifadhi kwa miaka mingi kisanduku cha bati kilichokuwa zamani cha biskuti. Ndani yake zilikuwamo kadi za posta kumi na mbili, zimefungwa kwa utepe. Wakusanyaji wa kadi za kale, ambao ni wengi katika nchi ile, wasingezitoa macho. Wao hutaka kadi safi isiyoguswa na kalamu. Hizi zilikuwa zimeandikwa kwa penseli, tena kwa mkono wa mtoto, na mojawapo ilikuwa imekunjwa mara nne hata picha yake ikachanika katika mikunjo.

Picha zenyewe zilifanana: ziwa, msitu wa misonobari, na safu ya mahema meupe yaliyosimama kama gwaride. Zilichapwa kwenye karatasi yenye alama za ufumaji mfano wa kitani, iliyopendwa sana tangu miaka ya 1930, kwa maana ilinywa vizuri wino wa rangi kali. Kampuni kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya Curt Teich, mjini Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1898. Mafundi wake walijua kufuta waya za simu katika picha na kuipaka mbingu rangi ya buluu hata kama siku ile kulikuwa na mawingu. Kwa hiyo katika kambi za kwenye kadi haikunyesha mvua kamwe.

Mambo ya wasichana kulala hemani yalianza kushika mizizi huko mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwalimu Laura Mattoon alifungua kambi yake ya Kehonka, katika jimbo la New Hampshire, mwaka 1902. Mwaka 1910 Luther Gulick na mkewe Charlotte walianzisha chama cha Camp Fire Girls, na tarehe 12 Machi 1912 Juliette Gordon Low akakusanya wasichana wake wa kwanza wa skauti mjini Savannah, baada ya kukutana na Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, nchini Kenya. Kila kiangazi, shule zilipofungwa, mabinti waliondoka majumbani wakaenda kuteka maji, kupasua kuni, kuogelea na kupiga kasia.

Hema la kambini lilisimamishwa juu ya sakafu ya mbao, na ndani yake mlikuwa na vitanda vinne vya kukunja. Mchana kuta zake za turubai zilikunjwa juu ili upepo upite. Askari yeyote aliyewahi kulala hemani anaijua sheria yake kuu: mvua ikikaribia, legeza kamba. Kamba ya nyuzi za mimea ikilowa hujikaza. Usipoilegeza itang'oa vigingi au kulipasua turubai. (Wakati wa vita hata nyuzi hizo zilikuwa adimu. Japani ilipoiteka Filipino mwaka 1942, katani ya Tanganyika ilitafutwa kama dhahabu.) Wala usiliguse turubai kwa ndani linapolowa, maana pale ulipogusa ndipo litakapovuja.

Bibi huyo alijifunza sheria hiyo kwa baba yake, nyuma ya nyumba yao, kabla baba hajapanda meli kwenda vitani. Mwezi Julai mwaka 1944 binti alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, naye baba alikuwa Ufaransa pamoja na majeshi yaliyotua Normandy mwezi uliotangulia. Mama, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani kutwa, alimpeleka mtoto kambini kwa majuma manne, akiwa na blanketi, tochi na kitabu chake cha mgao wa chakula, kwa sababu sukari na nyama zilitolewa kwa kipimo.

Kambini pale ilikuwa desturi kwamba asiyekabidhi kadi ya kwenda nyumbani siku ya Jumapili hapati chakula cha jioni. Stempu ya kadi ilikuwa senti moja tu. Lakini kadi ya posta haina bahasha: huisoma kiongozi wa kambi, huisoma tarishi, na jirani akiipokea naye huisoma. Mtoto angewezaje kuandika mle kwamba kila usiku hulia chini ya blanketi, na kwamba anapoyaona mahema yale humwona baba yake amelala katika hema jingine mahali asipopajua? Aliandika, "Mimi ni mzima. Chakula ni kizuri. Nyuki ameniuma." Mama alizisoma habari hizo, lakini alichotazama zaidi ni herufi, ambazo kwa kila kadi zilizidi kuwa ndogo.

Jambo moja zaidi halikuonekana katika kadi hizo. Wasichana wote waliopigwa picha walikuwa weupe. Mjini Nashville, mama Mwafrika wa Marekani, Josephine Holloway, alifundisha skauti mabinti wa watu wake kwa miaka mingi bila ya kutambuliwa; kikosi chake kilikubaliwa rasmi mwaka 1942 tu, na kambi yao wenyewe ikafunguliwa mwaka 1955. Hao nao walikuwa na mama waliosubiri habari zao.

Katika juma la tatu mvua kubwa ilinyesha usiku wa manane. Kadi iliyofuata iliandikwa kwa herufi kubwa zilizojaa upande mzima: "Jana mvua. Wenzangu walikuwa wamelala. Nilitoka nikalegeza kamba zote mwenyewe. Hema letu halikuvuja." Mama aliisoma amesimama mlangoni. Jioni aliitia katika barua, akaipeleka kwa mumewe.

Baba alirudi mwishoni mwa mwaka 1945. Hakuwa msemaji sana alipoondoka, na aliporudi alisema machache zaidi; kuhusu vita hakumsimulia binti yake lolote, wala siku ile wala baadaye. Ila jioni ya kwanza alitoa mfukoni ile kadi iliyokunjwa mara nne akamrudishia. Chini ya maneno ya mtoto, mahali padogo palipobaki, palikuwa na mstari mmoja wa penseli wa mkono wake, jibu ambalo hakupata njia ya kulituma: "Huku pia mvua. Nami nimelegeza."