Idvor: Kijiji cha Mama Asiyejua Kusoma

Kaskazini ya mji wa Belgrade, nchini Serbia, ardhi imelala bapa kama mkeka uliotandikwa. Kilima hakuna, mna ngano, mahindi na alizeti, na mto Tamiš unaojikokota kwenda kuingia katika mto Danube. Tambarare hiyo huitwa Banat, na humo kimo kijiji cha Idvor, chenye wakazi wasiofika elfu moja, wengi wao Wakristo wa Kiorthodoksi. Msomaji asistaajabu kuletewa habari za mbali hivyo, zinamhusu mama.

Akiitwa Olimpijada. Hakujua kusoma wala kuandika, naye alimwambia mwanawe, Mihajlo, kwamba hali hiyo kwake ni upofu.

Usiku wa kiangazi wavulana wa Idvor walilinda ng'ombe wa kijiji, nao wezi walijificha katika mahindi. Walinzi walichomeka kisu ardhini na kugonga mpini wake, na mwenzao aliye mbali akatega sikio chini akasikia. Ardhi ngumu ya malisho iliichukua sauti; udongo uliolimwa uliimeza, mwizi asisikie kitu. Mihajlo akabaki na swali: sauti husafiri vipi?

Mama alimpeleka shule mjini Pančevo, kisha Prague. Baba alipofariki, kijana hakutaka kumlemea mjane. Mwaka 1874 aliuza hata koti lake la ngozi ya kondoo apate nauli ya meli, akashuka New York na senti tano mfukoni. Alizinunulia andazi la matunda, akakuta limejaa kokwa.

Huyo ndiye Profesa Pupin wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1900 alipata hataza ya koili zinazopangwa kwenye waya wa simu ili sauti ifike mbali bila kufifia. Kwangu mimi, hilo ni swali lile lile la malishoni.

Idvor wameihifadhi nyumba ya kwao na shule aliyoanzia. Lipo pia jumba la umma lililojengwa kwa fedha zake, wanakijiji wapate pa kukusanyika na kujielimisha. Na mwaka 1914 alianzisha mfuko wa kusaidia masomo, akaupa jina la mamake.

Wengi humsifu mwana. Mimi humfikiria zaidi yule mjane aliyebaki kijijini, ambaye kila barua ya mwanawe kutoka Marekani ilibidi asomewe na mtu mwingine.