Pikipiki ya Marehemu Mwalimu Wetu na Fungu la Thumni



Leo hatuleti somo la tajwidi wala la fiqhi kama ilivyo desturi yetu. Tunaleta kisa cha pikipiki. Wapo watakaocheka, na wana haki ya kucheka, lakini tunawaomba msome hadi mwisho, kwani ndani yake mna somo ambalo tumelifundisha kwa miaka mingi, na siku tulipohitaji kulitumia likatupita.

Tunaposema "sisi" tunakusudia mwalimu mmoja mwenye miaka arubaini na kitu, na vijana watano wa darasa la wakubwa, hapa mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura. Anayeijua Buyenzi anajua kwamba ni mtaa wa Waswahili na pia ni mtaa wa mafundi. Ukitoka msikitini baada ya adhuhuri, hatua chache tu unakuta injini imelazwa juu ya gunia na mtu amechuchumaa pembeni yake mikono ikiwa meusi kwa oili. Lakini kukaa jirani na mafundi si kuwa fundi. Katika sisi sita hapakuwa na aliyewahi kufungua hata plagi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Marehemu mwalimu wetu, Allah amrehemu, aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa pikipiki hiyo alikuwa akienda Rumonge, safari ya zaidi ya kilomita 70 kando ya Ziwa Tanganyika, kufundisha watoto wa huko, kisha akarudi. Mara nyingi mkewe alikaa nyuma, amepakata mfuko wa misahafu na juzuu. Alipofariki, pikipiki iliegeshwa uani, ikafunikwa turubai, na kuku wakaifanya nyumba yao.

Mwaka 2024 mafuta yalipokuwa adimu mjini kwetu, safari zilipungua na vijana wakabaki na muda mwingi mikononi. Mama mjane akatuita, akasema: "Wanangu, ile pikipiki ya mwalimu wenu inaoza. Ichukueni mkaitengeneze." Tukaitikia kwa furaha na tukaisukuma mpaka uani kwa madrasa.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Mama alisema "itengenezeni". Sisi tulisikia "ipambeni".

Mmoja wa vijana alikuwa na picha nyingi katika simu yake za pikipiki kuukuu zilizobadilishwa umbo: usukani umeshushwa chini, kiti kifupi cha mtu mmoja, nyuma kumekatwa, madigadi yameondolewa. Tulielezwa kwamba mtindo huo ulitoka Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, vijana wa huko wakikimbizana kwa pikipiki kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, na kwamba mkahawa wao mashuhuri, Ace Cafe, uko London. Picha zilivutia, hatukatai. Hata sisi mwalimu tulizitazama zaidi ya mara moja.

Mzee mmoja fundi, jirani yetu, alikuja akatutazama tukishangilia zile picha. Akauliza: "Inawaka?" Tukasema haiwaki. "Inasimama?" Tukasema breki hatujazijaribu. Akasema: "Basi kwanza iwake, kisha isimame, kisha ndiyo ipendeze." Akaenda zake. Laiti tungelimsikiliza.

Tukaanza na betri. Pikipiki zetu za siku hizi zote ni za volti 12, basi tukaazima betri ya volti 12 kwa jirani, tukaifunga, tukawasha taa. Taa ya mbele iling'aa kama jua kwa nukta chache, halafu ikaungua, na ya nyuma ikafuata. Kumbe pikipiki ile ya zamani ni ya volti 6. Tuliharibu taa mbili kwa sababu hatukusoma maandishi yaliyokuwa juu ya taa zenyewe.

Mzee akarudi, safari hii akakaa. Akatufungulia injini na kutufundisha. Tunawaandikia haya kwa kuwa tulifaidika nayo. Pikipiki hii ilianza kutolewa mwaka 1976, na iliundwa kwa ajili ya nchi ambako mzigo ni mkubwa na matunzo ni machache. Kwa hiyo ndani yake hamna ile cheni ya kuzungusha shafti ya juu ya silinda. Mna fimbo mbili nyembamba zinazosukuma valvu kutoka chini, na kitu kisichokuwamo hakiwezi kulegea wala kukatika. Cheni ya nyuma nayo imefunikwa yote ndani ya kasha la bati ili vumbi na matope visiifikie. Sisi tulikuwa tumekwisha kulitoa lile kasha kwa kuwa halikuwemo katika picha. Mzee akalichukua, akalipangusa, akasema: "Hili ndilo lililomfikisha mwalimu wenu Rumonge." Tukalirudisha siku ile ile.

Akatuonyesha pia kwamba pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria zina injini iliyofuata muundo huo huo. Ndiyo maana ringi za pistoni na gasketi tulizipata dukani bila kuagiza mbali. Tukasafisha kabureta, tukang'arisha platini kwa msasa laini, tukabadilisha oili, tukafunga betri ya volti 6. Jumamosi moja baada ya alasiri ikawaka. Vijana walipiga takbira mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini.

Ndugu wasomaji, mtu akifaulu jambo moja hudhani amefaulu yote. Wiki iliyofuata tulishika msumeno wa chuma. Tukasema tukate lile duara la fremu la nyuma linalobeba mwisho wa kiti na taa ya nyuma, ili tuweke kiti kifupi kama katika picha. Na hapa inatubidi tuseme kweli, kwa sababu neno "sisi" lina kivuli kirefu na mtu huweza kujificha ndani yake. Aliyeshika msumeno hakuwa kijana yeyote. Alikuwa mwalimu wao. Kipande cha chuma chenye urefu wa shubiri moja na nusu kikaanguka chini, na vijana wakapiga makofi.

Makofi yalipokwisha, mdogo wao kuliko wote, mwenye miaka kumi na mitano, akainua mkono kama yuko darasani. "Ustadh, samahani. Marehemu ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Si ndiyo?" Tukamwambia ndiyo. "Basi mama ana thumni. Hao wengine tumewauliza?"

Wallahi tulinyamaza. Mas'ala hayo ndiyo tuliyowaandikia ubaoni mwezi uliopita, kwa mfano unaofanana na huo. Mali ni mafungu 40. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumni, yaani mafungu 5. Yanabaki 35: kila mtoto wa kiume 14 na wa kike 7. Na mali ambayo haijagawanywa, kila mrithi ana sehemu yake katika kila kipande, hata katika kipande kile kilicholala mavumbini miguuni petu. Pikipiki ile haikuwa imegawanywa. Tuliyemwendea ni mwenye mafungu 5 katika 40, naye alituruhusu kutengeneza tu, si kukata.

Jioni tukaenda kwa mama kukiri. Alikuja mwenyewe uani, akaizunguka pikipiki, akaweka kiganja mahali palipokuwa na kiti kirefu. Hakukasirika. Aliuliza neno moja tu: "Na mimi nitakaa wapi?"

Hapo ndipo tulipozifahamu zile picha. Kiti cha mtu mmoja kilimfaa kijana wa London aliyekuwa akikimbilia mkahawani peke yake. Pikipiki hii ilikuwa ya watu wawili tangu mwanzo, na safari za Rumonge zilikuwa za watu wawili. Sisi tulikata mahali pa yule ambaye hakuwa akionekana, kwa kuwa kila siku alikaa nyuma.

Tukawapigia simu warithi. Mwana wa pili, anayeishi hapa hapa mjini, alisema lolote litakaloamuliwa na wenziwe naye yumo. Binti, aliyeolewa Kigoma, alilia kidogo, akasema utotoni alipelekwa hospitali juu ya kiti kile, katikati ya baba na mama. Mwana mkubwa, aliyeko kazini Muscat, aliuliza kwa sauti kavu: "Nani aliwapa ruhusa?" Alidhani pikipiki imeuzwa vipande vipande na mama yake amefichwa. Hatukuwa na jibu ila kusema kwamba tumekosa. Siku mbili hakupokea simu zetu. Siku mbili hizo zilikuwa ndefu, kwani tuliogopa kwamba tumetia fitina katika nyumba ya mwalimu wetu kwa ajili ya urembo.

Siku ya tatu alipiga yeye. Akasema wamezungumza wote na mama yao, wametusamehe, na sharti lao ni moja: kilichokatwa kirudi, na gharama iwe juu ya aliyekata. Sharti la haki. Gharama ya kazi ya fremu tuliilipa sisi mwalimu, vijana hatukuwachangisha.

Kukirudisha kipande haikuwa kazi ya dakika tano kama kukikata. Fundi wa kuchomelea aliingiza ndani ya bomba la fremu kipande cha bomba jembamba zaidi, kikae nusu huku na nusu kule, ndipo akachomelea kuzunguka. Akatueleza kwamba ukigusanisha ncha mbili tu na kuchomelea juu juu, siku ya mzigo na shimo la barabarani itakatika. Kabla ya hapo aliamuru tutoe betri na tangi, tena tangi tulipeleke mbali.

Kwa wanaoanza kazi kama hii, haya ndiyo tuliyojifunza kwa kuumia:

1. Mjue mwenye mali kabla hujaijua mali. Kama ni ya urithi, waulize wote, na mwulize kila mmoja ni kipi hataki kiguswe.

2. Breki kwanza, kisha injini, kisha umeme, urembo uwe wa mwisho.

3. Miezi ya mwanzo usikate kitu. Usukani, kiti, vioo na taa hufungwa kwa bolti. Vibadilishe ukitaka, ukichoka utavirudisha. Chuma kilichokatwa hakirudi kama kilivyokuwa.

4. Kila bolti iingie mkebe wake na juu yake iandikwe imetoka wapi. Piga picha kabla ya kufungua.

5. Nambari ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani usiipitishie msasa wala grainda. Ikifutika, karatasi zako hazina maana tena.

6. Usichomelee wala usipashe moto tangi lililowahi kutiwa petroli, hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Mtauliza: je, hamkubadilisha chochote? Tulibadilisha, kwa ruhusa. Warithi waliwaachia vijana wachague rangi, wakachagua kijani iliyoiva. Usukani umeinuliwa kidogo, na nyuma kumefungwa kichanja cha chuma cha kuwekea vitabu, kwa bolti nne, bila ya kutoboa fremu. Kiti kirefu kimeshonwa upya kwa ngozi nyeusi. Ukikiinua, chini yake utaona kovu la kuchomelea pande mbili. Vijana walitaka kulipaka puti lisionekane. Tukawaambia liacheni.

Siku ya kuirudisha, mwana wa pili aliendesha na mama akakaa nyuma, upande upande kama zamani, mfuko mapajani. Walikwenda mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Aliposhuka akasema taa ya mbele ni hafifu. Tukamwambia, mama, ndiyo volti 6. Akasema: "Hata yeye alikuwa akilalamika hivyo hivyo."

Tunamwomba Allah amrehemu mwalimu wetu, awahifadhi aliowaacha, na atujaalie tuyafuate tunayowafundisha wengine. Mas'ala ya mirathi tunaendelea nayo darasani kila Jumanne. Yule mdogo sasa ndiye anayeandika ubaoni, nasi tunakaa kumsikiliza.